Kwa nini akiba moja haimtoshi mkulima wa Sagalla

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Mkulima wa Sagalla, katika Kaunti ya Taita Taveta, ana kila sababu ya kuutilia shaka usemi huo. Akiba iliyo ghalani huliwa na dumuzi, iliyo shambani hukanyagwa na ndovu, na iliyo zizini hupoteza bei siku ile ile anapotaka kuiuza.

Wadi ya Sagalla imo katika eneobunge la Voi. Juu mlimani kuna chemchemi na hewa ya baridi, lakini nyanda za chini, zinazopakana na Mbuga ya Wanyama ya Tsavo Mashariki, hutegemea mvua ya kubahatisha. Voi hupata takriban milimita 550 kwa mwaka, na tegemeo kubwa ni vuli, kati ya Oktoba na Desemba, kwa kuwa masika huko ni hafifu. Vuli ikikosa kunyesha, familia hukabiliwa na karibu mwaka mzima kabla ya kutumaini mavuno mengine ya maana.

Hofu hiyo ni ya kale. Mmishonari Mwingereza J. A. Wray alipofika Sagalla mwaka wa 1883, ukame ulimfuata nyuma na baadhi ya wenyeji wakamlaumu yeye kwa kuzuia mvua. Njaa iliyozuka mwaka uliofuata ilikumbukwa na Wataita kwa jina la Mwakisenge. Katika enzi yetu, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika Pembe ya Afrika tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022, na Septemba 2021 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akatangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Kwa mtu aliyehariri habari za njaa kwa miaka mingi, vichwa vya habari vya nyakati hizo vilifanana mno. Kila mara iliandikwa kwamba njaa "imezuka", kana kwamba haikutumwa barua mapema.

Linalosahaulika ni kwamba kinga za mkulima huanguka kwa pamoja. Chukua mfano wa nyuki. Tangu 2009, shirika la Save the Elephants limekuwa likishirikiana na wakulima wa Sagalla kuzungushia mashamba ua wa mizinga iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka kwa hasira. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2024, baada ya miaka mingi ya kuhesabu nyayo na uharibifu, ulionyesha kwamba ua huo ulizuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia mashamba katika misimu ya mazao bora. Ni ufanisi wa kupigiwa mfano, na asali nayo huuzwa.

Hata hivyo, utafiti huo huo ulibaini kwamba ukame wa 2017 uliwafanya nyuki kuihama mizinga, na mavuno ya asali yakapungua kwa takriban robo tatu katika miaka iliyofuata. Yaani mlinzi alihama wakati ambapo ndovu, kwa kiu na njaa, alikuwa na haja kubwa zaidi ya kuingia shambani.

Mifugo nayo hufuata mkondo huo. Mbuzi hukonda, kila jirani hukimbilia mnada ule ule, na bei yake huporomoka wakati bei ya mahindi inapopaa. Ujira wa mjini pia si ngome. Aprili 2020, kwa sababu ya Korona, Serikali ilipiga marufuku usafiri wa kuingia na kutoka Mombasa, na hoteli zikafungwa. Familia iliyotegemea mwana aliyeajiriwa Pwani ikajikuta ikimlisha yeye. Miaka miwili baadaye, pakiti ya kilo mbili ya unga ilipita Sh200.

Basi kujiandaa kwa mkulima huyu ni kuweka akiba za namna mbalimbali, ambazo haziangushwi na pigo moja.

Tuanze na maji, kwa kuwa hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya paa la bati lenye mita 40 za mraba ni lita 40. Katika mwaka wa milimita 550, paa hilo hupokea lita 22,000. Ukitoa moja ya tano inayopotea, zinabaki zaidi ya lita 17,000. Familia ya watu watano ikitengea kunywa na kupikia lita saba kwa kila mtu, hutumia lita 35 kwa siku. Tangi la lita 5,000 litawafikisha zaidi ya miezi minne, mradi mbuzi wanyweshwe silangani na nguo zifuliwe kwa maji mengine. Maji ya mvua ya kwanza yamwagwe, kwa sababu hubeba vumbi na mavi ya ndege. Na tangi liwekwe karibu na nyumba: ndovu hunusa maji, na tangi lililo pembeni hulivunja.

Kuhusu nafaka, tukikadiria kilo mbili kwa siku kwa familia hiyo, gunia la kilo 90 humalizika kwa siku 45. Magunia matatu huvusha miezi minne na nusu, lakini yakihifadhika. Dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati na kupitia Tanzania, aligunduliwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka wa 1983, tena Taveta, katika kaunti hii hii. Hutoboa mahindi na muhogo mkavu hadi vikawa unga, na hata mbao za ghala hazimshindi. Mifuko isiyopitisha hewa humuua kwa kumnyima pumzi, ila isifunguliwe kila siku.

Unyevu ni adui mwingine. Mwaka wa 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 katika maeneo ya Ukambani. Kipimo cha nyumbani ni chumvi: tia mahindi kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, utikise, uache kitambo. Chumvi ikinata kwenye kioo, yaanike tena.

Mtama na pojo, ambazo wengi huziita ndengu, zastahimili ukame kuliko mahindi, na pojo hukomaa kwa miezi miwili hivi. Ni ajabu kwamba bado twaviita vyakula vya dhiki.

Upande wa fedha, Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa za kila mwezi kwa kila kaunti kame, na kuutaja ukame kwa hatua: kawaida, tahadhari, hatari, dharura. Mbuzi wa kuuza auzwe kwenye tahadhari, angali na nyama. Atakayengoja dharura atauza ngozi na mifupa.

Haya yote yana mpaka. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iliahidi fidia kwa mazao yaliyoharibiwa, lakini madai mengi yamekaa miaka bila kulipwa, na hakuna gunia la akiba linaloifutia Serikali deni hilo. Vilevile, tangi ni ghali kwa mtu mmoja. Chama cha kina mama kumi wanaochanga kila mwezi na kumnunulia mmoja wao kwa zamu hufika kila boma, na zamu ya kwanza ingefaa ipewe mwenye paa kubwa zaidi, mradi akubali kuwagawia wenzake mitungi michache hadi zamu zao zifike.