Rubani Aliyelelewa Shambani Njoro

Wasafiri wapitao Njoro huyaona mashamba yaliyoenea kuelekea misitu ya Mau, lakini ni wachache wanaojua kwamba mmoja wa marubani mashuhuri wa ulimwengu alikulia hapo. Jina lake ni Bibi Beryl Markham. Habari za maisha yake zafaa kusomwa na mkulima na karani pia, kwa maana moyo uliomvusha bahari ulifundishwa shambani.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa na umri wa miaka minne hivi. Baba yake, Bwana Charles Clutterbuck, alifungua shamba Njoro, akajenga kinu cha kusaga unga, akafuga farasi wa mashindano. Mama yake hakuyaweza maisha hayo, akarudi kwao. Basi mtoto akalelewa na shamba lenyewe. Alicheza na watoto wa Kikalenjin, akasema lugha yao na Kiswahili, akafuatana na wawindaji wao wenye mikuki kuwafuata nguruwe mwitu. Mmoja wa rafiki hao, Kibii, ambaye alipokuwa mtu mzima aliitwa arap Ruta, alifanya kazi pamoja naye miaka mingi, kwanza penye mazizi ya farasi na baadaye penye eropleni.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mvua zilikosekana. Baba yake alikuwa amekwisha kutia sahihi mapatano ya kuuza unga kwa bei maalum. Nafaka ilipopanda bei kwa sababu ya ukame, ilimbidi kununua ghali na kuuza rahisi. Alitimiza ahadi yake, lakini shamba likapotea. Mkulima yeyote aliyepata kupatana bei kabla ya mavuno ataufahamu uchungu huo. Baba akaenda Peru kutafuta kazi. Binti akabaki Kenya. Akiwa na umri wa miaka 18 hivi alipata leseni ya kufundisha farasi wa mashindano, mwanamke wa kwanza kuipata katika nchi hii.

Mwaka 1931 alijifunza kurusha eropleni mjini Nairobi. Mwalimu wake, Bwana Tom Campbell Black, alikuwa na desturi ya kumwacha mwanafunzi akosee, ili kosa lenyewe limfundishe. Mwaka uliofuata Bibi Markham aliruka peke yake kutoka Kenya mpaka Uingereza. Kisha akafanya urubani kuwa kazi yake, akichukua barua, abiria na dawa. Katika kitabu chake asimulia jinsi alivyoruka usiku mpaka Nungwe, katika Tanganyika, akimpelekea mgonjwa wa machimbo ya dhahabu chupa ya hewa ya kupumulia.

Lakini jambo lililomtangaza ulimwenguni lilitendeka Septemba 1936. Watu walikuwa wamekwisha kuivuka bahari ya Atlantiki kwa ndege kutoka Marekani kuja Ulaya, kwani pepo za huko kwa kawaida huvuma kuelekea mashariki na kuisukuma ndege. Kwenda magharibi ni kupigana na upepo saa zote, na petroli huisha upesi. Hapakuwa na mwanamke aliyekwisha kuifanya safari hiyo peke yake.

Jioni ya tarehe 4 aliondoka Abingdon, Uingereza, katika ndege yenye injini moja, bila simu ya upepo. Matangi ya ziada yalijazwa petroli, na kila tangi lilipaswa kukauka kabisa ndipo afungue jingine. Kwa maelezo yake mwenyewe, tangi la kwanza lilipokauka injini ilinyamaza ghafula, gizani, juu ya bahari, naye hakuwa mbali na maji. Aliipapasa bilula ya tangi la pili huku ndege ikishuka. Aliyezoea kumtuliza farasi mwenye hofu hujua kwamba mkono ukitetemeka mambo huharibika. Bilula ikafunguka, injini ikanguruma tena.

Baada ya saa zaidi ya 20 aliiona nchi kavu ya Kanada. Alikusudia kufika New York, lakini barafu, kama ilivyodhaniwa, ilikuwa imeziba njia ya hewa ya tangi la mwisho. Injini ikafa, ndege ikaanguka katika kinamasi cha Baleine, Nova Scotia, ikachomeka kwa pua. Yeye alitoka na jeraha la kichwa tu. Hakufika New York kwa ndege ile, walakini bahari alikwisha kuivuka.

Mwaka 1942 kitabu chake kilichapishwa. Baadaye alirudi Kenya kwenye farasi wake, akashinda mashindano makubwa mara nyingi, hata alipofariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, mwenye umri wa miaka 83.

Kijana achungaye ng'ombe za baba yake leo asidhani kwamba anapoteza siku zake. Uangalifu, subira na moyo usioshtuka, ndivyo vitu vilivyoifungua bilula ile gizani, na hivyo hupatikana hata zizini.