Ubani wa kale: bei ilipanda njiani

Ushuru wa njiani, malipo ya maji na malazi, na fungu la kila mlinda geti ni mambo anayoyajua msafirishaji wa leo. Karibu miaka 2,000 iliyopita yalimkuta pia mwenye ngamia aliyebeba ubani kutoka Arabia ya Kusini hadi Gaza, kwenye pwani ya Mediterania.

Ubani ni utomvu mkavu wa miti inayoota Oman, Yemen na Somalia. Warumi waliufukiza mahekaluni na mazishini, hivyo soko lake lilikuwa kubwa.

Mwandishi wa Kirumi Plinius, aliyefariki mwaka 79 BK, anaeleza safari hiyo. Mzigo ulipelekwa kwanza Shabwa, mji mkuu wa Hadhramaut, na kuingizwa kwa lango moja tu. Kuiacha barabara kuu ilikuwa kosa la kifo. Makuhani walichukua sehemu ya kumi kwa kipimo cha ujazo, wala si kwa mizani, na hakuna aliyeruhusiwa kuuza kabla ya hapo. Huko Timna ulilipwa ushuru wa mfalme. Kutoka Timna hadi Gaza kulikuwa na vituo 65 vya ngamia. Makarani, walinzi na mabawabu walipewa chao, na bado maji, malisho na malazi vililipiwa.

Jumla, ngamia mmoja aligharimu dinari 688 hadi pwani. Ubani wa daraja la kwanza uliuzwa dinari 6 kwa ratili ya Kirumi, takriban gramu 327. Ukipiga hesabu, njia ilimeza thamani ya kilo 37 hivi za ubani bora kwa kila ngamia. Baada ya hapo walisubiri watoza ushuru wa Roma.

Njia nyingine ilikuwa bahari. Periplus ya Bahari ya Erithrea, mwongozo wa wafanyabiashara wa karne ya 1 BK unaotaja pia soko la Rhapta katika pwani ya Afrika Mashariki, unaeleza ubani ukikusanywa katika bandari ya Kana, Hadhramaut. Kutoka huko meli zilipanda Bahari ya Shamu hadi Misri. Roma ilitoza asilimia 25 kwa bidhaa za Mashariki. Kiwango hicho kilikuwa kizito, lakini meli iliviruka vituo vyote 65.

Biashara ilipozidi kuhamia baharini, miji ya misafara ilipoteza mapato yaliyoijenga. Kila kituo kilikuwa kimedai kidogo tu, ila mwenye mzigo alilipa jumla.