Mkoba wa Spana wa Porsche 356

Mnunuzi wa gari kuukuu la michezo aghalabu huitazama bodi, akaisikiliza injini, akazisoma nambari zilizogongwa kwenye chuma, kisha akaupita mkoba mdogo wa vifaa uliolala karibu na tairi la akiba. Ilhali kwa Porsche 356, gari lililoanza kuundwa mwaka 1948 huko Gmünd nchini Austria, likahamia Stuttgart mwaka 1950 na kukoma mwaka 1965, mkoba huo wataka hadhari kubwa, kwa kuwa hakuna kitu chepesi kupotea kama spana, wala chepesi kubadilishwa.

Mkoba wenyewe hukaa mbele, chini ya boneti, maana injini iko nyuma. Ndani yake huwamo spana za midomo miwili, koleo, bisibisi, spana ya plagi, ya nati za magurudumu, na ile ninayoistahi kuliko zote, spana ya mkanda wa feni. Injini ya gari hili haipozwi kwa maji bali kwa upepo wa feni, na feni huzungushwa na mkanda unaopita juu ya puli yenye vipande viwili. Baina ya vipande hivyo hutiwa washa nyembamba, nawe ukitaka kuukaza mkanda hufungua nati, ukapunguza washa moja au mbili, vipande vikakaribiana na mkanda ukapanda juu. Dereva aliyekatikiwa na mkanda njiani, pasipo spana hiyo, hana budi kusimama, la sivyo injini itaungua.

Ama kuitambua spana ya asili, kazi hiyo ni kusoma. Itwae mkononi, uigeuze penye mwanga wa ubavuni: kwenye mpini utaona vipimo vya midomo kwa milimita, na mara nyingi jina la mfuaji, kama Hazet wa Remscheid, nyumba iliyoasisiwa mwaka 1868 na Hermann Zerver, na jina lake si neno ila ni herufi H na Z zinavyotamkwa Kijerumani. Huenda pia ukakuta DIN 895, kanuni ya zamani ya Wajerumani kuhusu spana za midomo miwili. Lakini ukisoma DIN 3110, kanuni iliyokuja kushika nafasi yake, fahamu kwamba spana hiyo haikutoka kiwandani pamoja na gari la mwaka 1957, hata ikiwa imechakaa namna gani.

Wengi hukosea wakidhani kwamba mkoba wa kweli lazima uwe na chapa moja tupu. Kiwanda kilinunua vifaa kwa wafuaji mbalimbali, na kwa hiyo mkoba wenye majina yaliyochanganyika waweza kuwa sahihi kuliko ule uliolingana na kumetameta. Mng'ao mpya, kwa hakika, wanitia shaka: chuma kilichosuguliwa kikatiwa kromu upya huwa na herufi zilizolegea kingo, kana kwamba zimeandikwa juu ya sabuni, na ushahidi uliofutwa hivyo haurudi. Spana yenye kutu nyepesi yatosha kupanguswa kwa kitambaa laini chenye mafuta ya taa, ikakaushwa, ikarudishwa katika mfuko wake.