Wazee wa China na ziara isiyo na siku ya kurudi

KABLA jiji la Shenzhen, kusini mwa China, halijaamka vyema, wazee huwa wameshaianza siku yao. Babu hushuka kwenye uwanja ulio chini ya ghorofa kunyoosha viungo kwa mazoezi ya taratibu ya taijiquan, huku bibi akipika uji wa mchele na kumchemshia mjukuu yai.

Wazazi wa mtoto wakishatoka kwenda kazini, wazee humpeleka mjukuu shule ya chekechea, kisha huelekea sokoni kutafuta mboga na samaki. Adhuhuri hujilaza kidogo. Alasiri huwa wamesimama langoni mwa shule, chupa ya maji ya mtoto mkononi. Usiku, vyombo vikishaoshwa, bibi huungana na wanawake wenzake uwanjani kucheza muziki.

Anayewatazama kwa mbali anaweza kudhani ni wageni waliokuja kuwajulia hali watoto wao na kupumzika. Ukweli ni kwamba wengi wao hawakuja kupumzika, bali kulea.

Wachina huwaita "laopiao", yaani wazee wanaoelea, kama kitu kinachochukuliwa na maji. Kwa mujibu wa ripoti ya serikali ya nchi hiyo ya mwaka 2016, wazee walioishi nje ya maeneo yao ya asili walikuwa karibu milioni 18 mwaka 2015, na asilimia 43 kati yao walihama kwa ajili ya kuwatunza watoto na wajukuu.

Shenzhen ni mfano mzuri wa hali hiyo. Ilifanywa kanda maalumu ya kiuchumi mwaka 1980, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 17, wengi wao wakiwa wametoka mikoa mingine kama Hunan, Sichuan na Jiangxi.

Sababu kubwa ya safari za wazee hao ni pengo la malezi. Sheria ya taifa humpa mama likizo ya uzazi ya siku 98, ingawa mikoa mingi huongeza siku zaidi. Shule ya chekechea kwa kawaida humpokea mtoto akiwa na umri wa miaka 3. Katikati ya vipindi hivyo viwili, vituo vya kulelea watoto wachanga ni vichache na yaya ni ghali, hivyo simu hupigwa kijijini.

Waswahili husema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kwa wazee hao kazi hiyo huja mara ya pili, tena ugenini. Wengi huzungumza lugha ya kwao, na Kichina sanifu hukisema kwa shida. Aliyetoka Hunan, mkoa unaosifika kwa vyakula vikali, hujifunza kupika bila pilipili ili mjukuu aweze kula.

Aidha, upo mfumo wa usajili wa makazi uitwao hukou, ulioanza mwaka 1958, ambao humfungamanisha mtu na mahali alipoandikishwa. Bima ya afya ya mkulima husimamiwa huko kwao. Tangu mwaka 2017 mgonjwa aliyelazwa katika mkoa mwingine anaweza kulipiwa na bima moja kwa moja hospitalini, lakini kwa kawaida sehemu anayolipiwa huwa ndogo kuliko angetibiwa kwao. Kiwango cha chini cha pensheni ya wakulima kilichowekwa na serikali kuu kilikuwa Yuan 123 kwa mwezi mwaka 2024, fedha isiyotosha maisha ya mjini. Ndiyo maana wapo wazee ambao huficha maumivu yao ili wasiwe mzigo kwa watoto.

Hata hivyo, wanaokuja wawili huhesabiwa kuwa na bahati. Katika familia nyingine nyumba ya mtoto ni ndogo, au shamba linahitaji mtu, hivyo bibi husafiri peke yake na babu hubaki kijijini. Watu waliokaa pamoja miaka 40 hujikuta wakionana kwenye simu.

Sheria ya kulinda haki za wazee, ambayo marekebisho yake yalianza kutumika Julai 1, 2013, inawataka wanafamilia wanaoishi mbali na wazee kuwatembelea au kuwajulia hali mara kwa mara. Sheria hiyo ilimlenga mzee aliyeachwa peke yake nyumbani. Mzee anayelala chumba cha pili cha nyumba ya mwanawe, mbali na majirani na marafiki zake, haonekani kuwa mpweke.

Mtoto akikua na kuanza kwenda shule mwenyewe, ndipo swali la kurudi huibuka. Wapo wanaofunga mizigo. Wengine hukuta mjukuu wa pili yuko njiani, na ziara huanza upya.