Mita 60, magunia ya maharage na mto wa Septemba

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe bila shughuli za kudumu. Ile ya Rasilimali za Maji ya 2009 ikarudia marufuku hiyo. Mita 60 ni hatua themanini hivi za mtu mzima, na kwa anayesoma ofisini ni kidogo. Lakini mto una kingo mbili. Kila kilomita ya mto inameza eneo la upana wa mita 120, yaani hekta 12, karibu ekari 30.

Tena si ekari za mgongoni mwa mlima. Katika miinuko ya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, mvua hukatika Mei na kurudi mwishoni mwa Oktoba, na katikati hapo ardhi ya bondeni ndiyo inayotoa maharage na mboga. Tuseme ni robo tu ya ukanda huo inayolimwa: hekta 3 kwa kilomita. Kwa mavuno ya tani moja kwa hekta, ambayo mkulima hodari hajivunii, hayo ni magunia 30 ya kilo mia. Bei ikiwa shilingi 2,000 kwa kilo, ni milioni 6 kila msimu. Kijiji chenye kilomita 5 za mto kinaombwa kuachia milioni 30 kwa mwaka, kwa kusomewa sheria na kuwekewa bikoni. Ndiyo maana bikoni huwa haziishi kung'olewa.

Sasa upande wa maji. Lita moja kwa sekunde ni lita 86,400 kwa siku. Kwa kiwango cha Sera ya Maji ya 2002, lita 25 kwa mtu kwa siku, kijito hicho chembamba kinatosha watu 3,456. Au kinamwagilia hekta moja ya bustani. Hapo ndipo ugomvi wa Septemba unapozaliwa. Pampu ya petroli ya inchi mbili huvuta lita 500 hivi kwa dakika, zaidi ya 8 kwa sekunde. Mto ukishuka hadi lita 15, pampu mbili zikiwaka pamoja zinaumaliza, na walio chini wanabaki na kokoto. Aliyemwagilia kwa ndoo hakuwahi kuukausha mto, hata akitaka.

Kuna mtuhumiwa mwingine: mkimbizi. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa 1996. Nduta, Kibondo, ikafunguliwa tena 2015 Warundi walipokimbia. Chukua kambi ya watu laki moja, kila mmoja apewe lita 20. Ni lita milioni 2 kwa siku, au 23 kwa sekunde: maji ya hekta 23 za bustani. Si haba, lakini peke yake hayaelezi mabonde kukauka wilaya nzima. Kuni ndizo zinazouma. Laki moja ya watu wanaopikia kuni huvua vilima miti, na vilima ndiyo ghala la mto.

Ghala hilo nalo linahesabika. Milimita 1,000 za mvua kwenye hekta moja ni lita milioni 10. Ikizama sehemu ya kumi tu na kutoka polepole kwenye chemchemi, hekta kumi na kidogo za kilima zinalisha lita moja kwa sekunde kwa siku 120 za kiangazi. Kilima kikiwa kipara, maji hayo hupita Machi yakiwa na tope. Kwa hiyo jumuiya ya watumia maji inayolinda ukingo peke yake inachunga mlango wa ghala tupu. Inayofaa ni ile yenye vijiji vya juu na vya chini pamoja, inayopanga zamu za pampu na kulinda msitu wa kijiji, na yenye fungu la kumfidia aliyeachia bonde. Hilo la mwisho ndilo gumu, na huachwa.

Limewahi kujaribiwa. Katika Milima ya Uluguru, DAWASCO, shirika la maji la Dar es Salaam la wakati huo, na Coca-Cola walichangia malipo kwa wakulima wa Kibungo Juu ili maji ya Mto Ruvu yafike jijini yakiwa na tope dogo zaidi.

Huku Kigoma mnufaika wa chini anajulikana. Mto Ruchugi na vijito vya Kibondo huishia Mto Malagarasi, na kwenye maporomoko ya Igamba umepangwa umeme wa megawati 49.5. Mwaka 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wa dola milioni 120 kwa kazi hiyo. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, ni bilioni 300. Najua mkopo si faida, na mhandisi atanikumbusha kwamba zege halilipwi kwa maharage. Hata hivyo, asilimia moja yake ni bilioni 3, inayotosha kuvilipa vijiji mia moja vya kilomita tano kwa mwaka mzima. Hizo ni kilomita 500 za mto. Malagarasi yenyewe, tangu mpakani na Burundi hadi Ziwa Tanganyika, ina 475.