Kirangozi, Mwongozi na Manamba: Lugha ya Kuwatembeza Wageni kutoka Kilindini hadi River Road

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza matumizi ya lugha katika kazi ambayo wataalamu wetu hawajaitilia maanani ya kutosha, nayo ni kazi ya kuwaongoza wageni washukao melini kuja kutazama miji ya pwani. Msomaji huenda akashangaa kuona kwamba mjadala wa meli na bandari unaanzia River Road, mtaa wa Nairobi ulio mbali na bahari kwa kiasi cha kilomita 480. Sababu yake si ngumu. Nairobi yenyewe ni mtoto wa Kilindini: reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ndiyo iliyoufikia uwanda huu mwaka 1899, na mji ukazaliwa kutokana na kituo chake. Aidha, kwa miaka mingi River Road na mitaa ya jirani imekuwa mahali pa ofisi za mabasi ya kwenda na kutoka Pwani. Humo mgeni hupokewa kwa maneno kabla hajapokewa kwa mkono. Ni maoni yetu kwamba upokezi wa River Road na upokezi wa gatini ni tawi moja la matumizi ya lugha, na kwamba yafaa yachunguzwe pamoja.

2. Kutembea, kuzuru na kutalii

Kwanza yafaa tuyapambanue maneno yenyewe. Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyokaribiana. Kutembea ni kwenda kwa miguu, lakini pia ni kumwendea mtu kwa kumjulia hali. Mtu husema, “Nimekuja kutembea tu,” hata akiwa amekuja kwa basi. Kuzuru kumetokana na Kiarabu, na aghalabu huchukua heshima ndani yake: huzuriwa kaburi, mahali patakatifu, au mtu mwenye cheo. Kutalii nako asili yake ni Kiarabu, ambako mzizi huo unahusu kutazama na kupitia kwa macho, hata kukisoma kitabu. Kwa hiyo, tukiifuata asili ya neno, mtalii ni msomaji, na mji anaouingia ni kitabu ambacho hajui herufi zake. Hapo ndipo anapomhitaji mtu wa kumsomea.

Mtu huyo naye amebadilika majina. Katika misafara ya karne ya 19 aliyetangulia mbele kuonyesha njia aliitwa kirangozi. Wengine walifanya zaidi ya kuonyesha njia. Sidi Mubarak Bombay, aliyefuatana na Burton na Speke, na baadaye Stanley, alikuwa pia mkalimani na mpatanishi. Leo neno kiongozi limechukuliwa na siasa na utawala kiasi kwamba anayewaongoza watalii hana budi kuitwa mwongozi, mwongozaji au mwongoza watalii ili asidhaniwe kuwa diwani. Unguja lipo na neno papasi, yaani kupe, ambalo watu wamewabandika vijana wanaowaandama wageni bila kuajiriwa na mtu. Ni dhahiri kwamba lugha imekwisha kutoa hukumu: mwongozi huongoza, papasi hung’ang’ania. Hata hivyo, kazi wanayoifanya kwa maneno mara nyingi ni ile ile.

3. Rubani wa mwaka 1498

Haja ya mgeni wa baharini kumtegemea mwenyeji si jambo jipya. Vasco da Gama alipofika Mombasa mwezi Aprili 1498 hakupata maelewano. Aliendelea hadi Malindi, na huko akapewa rubani aliyemvusha hata Calicut, akafika mwezi Mei. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari, lakini wanahistoria wengi wameiacha rai hiyo. Kwa mada yetu la kuzingatia ni hili: elimu iliyoivusha meli ilikuwa ya rubani, na jina lililobaki vitabuni ni la mgeni. Neno rubani lenyewe limehama bahari, na kijana wa leo akilisikia hufikiri juu ya ndege.

4. Siku moja gatini

Zamani meli zilileta abiria, yaani watu wenye shughuli mahali waendako. Ndege zilipowachukua abiria hao, meli zikageukia matembezi. Mfano mzuri ni meli Uganda ya kampuni ya British India, iliyojengwa mwaka 1952 kwa safari za baina ya London na Afrika Mashariki. Mwaka 1967 iliondolewa katika njia hiyo ikageuzwa kuwa meli ya kuwatembeza wanafunzi baharini. Tangu hapo meli za matembezi zimekuja Mombasa kwa vipindi. Mnamo Novemba 2005 maharamia waliishambulia meli Seabourn Spirit karibu na Somalia ilipokuwa ikielekea Mombasa, na hofu iliyofuata iliwapunguza sana wageni wa namna hii. Mwaka 2020 janga la korona likasimamisha meli hizo duniani kote.

Mgeni wa meli hutofautiana na mgeni wa hoteli kwa jambo moja kubwa: muda. Aghalabu meli hufunga gati asubuhi ikang’oa jioni, au hukaa siku chache tu. Mwongozi analazimika kuukunja mji mzima katika saa chache. Mwenye kumsikiliza kwa makini ataona kwamba maelezo yake yana umbo maalumu: salamu, jina la mahali, mwaka, kisa kimoja, mzaha, tahadhari, kisha kuhimiza mwendo. Hii ni sanaa ya masimulizi kama nyingine tunazozifundisha, nayo ina fomula zake.

Lakini kufupisha kuna gharama. Tuchukue mfano wa barabara kuu ya Mji wa Kale iitwayo Ndia Kuu. Katika Kimvita ndia ni njia. Jina hili peke yake lingetosha kumfunulia mgeni kwamba amesimama katika mji wenye lahaja yake, iliyotungiwa mashairi kabla ya kuwapo Kiswahili sanifu. Badala yake jina huongezewa neno la Kiingereza lenye maana ya barabara, ikawa kana kwamba tunasema “barabara ya Barabara Kuu”, na mgeni akapita juu ya elimu hiyo bila kuigusa. Vivyo hivyo Kilindini: kilindi ni mahali penye maji ya kina, na kiambishi -ni kinaonyesha mahali. Jina ni ushahidi wa sababu ya bandari kuhamia upande ule. Ngome nayo, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, huelezwa kwa vita na mizinga. Si kila mara atakapoambiwa mgeni kwamba katika enzi ya Waingereza ilikuwa jela hadi mwaka 1958, na kwamba kwa wazee kuitaja ilikuwa kutaja kifungo.

Kiswahili chenyewe hubakiziwa mgeni kwa maneno mawili matatu. “Jambo!” ni umbo ambalo mwenyeji hamsalimu nalo mwenyeji mwenziwe, kwani salamu kamili, hujambo, ina nafsi na ukanushi ndani yake: huna jambo lililokusibu. Ukiondoa viambishi umeondoa na ile shauku ya kumjali mtu.

5. River Road

Turudi sasa Nairobi. Msafiri ashukaye River Road alfajiri na mzigo wake hupokewa na manamba. Neno hili limetokana na neno la Kiingereza la nambari. Tanzania liliwahusu vibarua wa mashamba ya mkonge, waliotambuliwa kwa nambari zao. Kenya limewashukia wapiga debe wa matatu. Manamba huutaja mji kwa sauti: Accra Road, Latema Road, Kirinyaga Road ambayo zamani ilikuwa Grogan Road, Tom Mboya Street ambayo zamani ilikuwa Victoria Street. Mwendo wake ni ule ule wa mwongozi wa gatini: kumtambua mgeni, kutaja mahali, kutoa tahadhari, kuhimiza mwendo. Siku hizi wako hata vijana waliokulia mitaani humo ambao huwatembeza watalii katikati ya jiji na kuwasimulia maisha yao.

Iko tofauti moja, nayo ndiyo kiini cha hoja yetu. Manamba humwongoza mgeni kwa Kiswahili, hata kikiwa kimechanganywa, kwa kuwa mgeni wake ni Mkenya. Mkenya huyo huyo akipanda basi la usiku kwenda Mombasa kutembea, akaingia katika maeneo ya ukumbusho, mara nyingi hukuta maelezo yaliyopangwa kwa ajili ya mtu wa meli, na kwa Kiingereza. Kiswahili ni lugha ya taifa, na tangu Katiba ya mwaka 2010 ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Haifai mwenye lugha asomewe mji wake kwa tafsiri.

6. Hitimisho

Tumekwisha kuona kwamba kumtembeza mgeni ni kazi ya lugha yenye historia ndefu na umbo lake. Chuo cha Utalii kimekuwako Nairobi tangu mwaka 1975, na tangu mwaka 1996 kuna chama cha waongozaji wenye kutahiniwa na kupewa daraja. Kinachokosekana ni mchango wa idara zetu. Tunapendekeza mambo matatu: kwanza, masimulizi ya waongozi wa Mombasa, Lamu na Unguja yarekodiwe kama tunavyorekodi ngano, pili, majina ya mahali yakusanywe na kufafanuliwa kwa kufuata lahaja zake, tatu, wanafunzi wetu wapelekwe huko wakajifunze kabla ya kufundisha.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Meli itang’oa nanga jioni na basi litarudi River Road usiku. Mwenyeji atapona iwapo elimu yake itabaki naye, katika lugha anayoweza kumrithisha mwanawe.