Maumivu ya Mtelemko, na Gogo la Sponji Tulilolikuta Same

Wanachama wetu, kurasa hizi zimezoea kukuleteeni khabari za bei, za mvua na za miche, na huenda wengine wakauliza gogo la sponji lina uhusiano gani na karafuu. Uhusiano upo. Tangu simu zienee mikononi mwa vijana, wachumaji wetu wamekuwa wakituonesha picha za wanamichezo wa ng'ambo waliolala juu ya gogo jepesi la sponji, wakijisukuma mbele na nyuma, nao hutuuliza: Je, kitu hiki kweli huondoa maumivu ya misuli, au ni biashara tu? Mmoja wao alikuwa tayari kutoa malipo yake ya siku nzima ya kuchuma ili alinunue. Basi ilitupasa tulitazame jambo lenyewe kwa makini, na kwa bahati njema tulipata kulitazama pahala panapolifaa sana, napo ni Upare.

Tulikwenda huko watu saba kutazama kilimo cha tangawizi, kwani Mamba na vijiji jirani katika milima ya Upare Kusini vina sifa kwa zao hilo, na mkulima wa viungo hakosi la kujifunza kwa mwenziwe. Asiyefika huko na afahamu kwanza namna ya nchi ilivyo. Mji wa Same uko chini, katika nchi kavu yenye joto na miiba, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Ukiinua macho tu, waiona milima imesimama mbele yako kama ukuta. Kilele kirefu kabisa kinaitwa Shengena, juu ya msitu wa Chome, nacho kina mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Sisi visiwani hatuna kilima hata kimoja kinachofika mita 200. Huko juu kuna baridi, migomba, na maji ambayo Wapare tangu zamani huyakinga katika mabwawa madogo yaitwayo ndiva, kisha wakayaongoza kwa mifereji mpaka mashambani. Barabara zipo na magari yanapanda, lakini kutoka nyumbani kwenda shamba, na kutoka shamba kwenda kwa jirani, mtu hutumia miguu yake. Na njia za miguu za Upare hazina subira ya kuzunguka. Zinashuka moja kwa moja.

Miguu hiyo imo hata katika tarikhi ya nchi. Mwezi wa Januari 1945 maelfu ya wanaume wa Kipare walikusanyika Same, yalipokuwa makao ya serikali ya wilaya, kuipinga kodi iliyoitwa mbiru, na mgogoro ule uliendelea kwa miezi mingi. Wengi walishuka kutoka vijiji vya juu. Profesa Isaria Kimambo ameiandika khabari hiyo vizuri, na twaikumbuka hapa kwa sababu moja tu: sisi tuliishuka sehemu ndogo ya milima ile siku moja, na matokeo yake yalitutia haya.

Siku ya kupanda tulitweta sana na jasho likatutoka, tukadhani hapo ndipo penye taabu. Siku ya kushuka tulikuwa tukicheka na kupiga soga, kwani kushuka kulikuwa rahisi mno. Usiku ule hatukusikia kitu. Asubuhi yake mapaja yalianza kukaza, na asubuhi ya pili, pale Same, hapakuwa na hata mmoja wetu aliyeweza kuketi kitini bila kujiachia kama gunia. Mzee mmoja katika sisi aliteremka ngazi za nyumba ya wageni kinyumenyume, ameshika ukuta. Mmoja alisema ni baridi ya juu iliyoingia mifupani. Mwingine aliyatuhumu maji.

Mwalimu mmoja kijana, mfundishaji wa michezo, alipita pale akatukuta katika hali hiyo.

"Shikamooni wazee. Milima imewasalimu?"

"Marahaba mwanangu," akajibu yule mzee. "Imetusalimu kwa fimbo."

Kijana akacheka, akaenda kwake, akarudi na gogo lake la sponji. Hivyo ndivyo tulivyolikuta, na tulilala juu yake mmoja mmoja sakafuni, wenye nyumba wakitutazama.

Sasa tueleze sababu ya maumivu, kwa kuwa asiyeijua sababu atapoteza fedha zake katika dawa. Unapopanda mlima, misuli ya paja hujikunja na kukusukuma juu. Unapoteremka, misuli ile ile hufanya kazi ya breki: goti linakunjika, uzito wote wa mwili unakuangukia, na paja linajikaza huku likivutwa kurefuka. Kazi hii ya kujikaza huku ukivutwa haichoshi pumzi, ndiyo maana mtu hucheka akishuka, lakini huharibu nyuzi ndogo ndogo za ndani ya misuli. Mwili huanza kuzitengeneza, panavimba kidogo ndani, na mishipa ya fahamu ya mahali hapo huwa na hasira. Maumivu huja polepole, huwa makali baina ya saa 24 na 72, kisha hupungua yenyewe katika siku chache. Mmarekani Theodore Hough aliyaeleza maumivu haya ya kuchelewa tangu mwaka 1902, na alidhani hata wakati ule kwamba kitu kimechanika ndani ya misuli. Wengi bado husema ni asidi ya laktiki iliyobaki miguuni. Si kweli. Asidi hiyo huondoka mwilini katika muda wa saa moja au zaidi kidogo baada ya kazi, ilhali maumivu haya hayajaanza.

Basi gogo lafanya nini? Katika Chuo Kikuu cha Memorial, huko Newfoundland, Kanada, mwaka 2013 waliwapima wanaume 11. Walisukuma gogo juu ya paja dakika moja, mara mbili, na goti likaweza kukunjika zaidi kwa nyuzi kama 10 bila nguvu ya paja kupungua. Mwaka 2015, chuoni hapo hapo, wanaume 8 walifanyishwa kazi nzito ya kuchuchumaa na kuinuka na mzigo mpaka mapaja yakauma, kisha wakatumia gogo dakika 20, na tena baada ya siku moja na ya pili. Maumivu yao yalipungua wakilinganishwa na walipoachwa bila gogo. Watu hawa ni wachache, mtasema, na mtakuwa mmesema kweli. Mwaka 2019 wataalamu wa Bochum, Ujerumani, na wenzao walikusanya majaribio 21 ya namna hii wakayapima pamoja. Waliona faida ipo, lakini kwa jumla ni ndogo. Iliyo wazi zaidi ni kwamba mtu husikia maumivu kidogo na viungo hulainika kwa muda.

Wauzaji husema gogo huvunja mafundo ya misuli. Hayo tusiyakubali upesi. Katika jaribio jingine la mwaka 2015 walisukuma kigimbi cha mguu mmoja, na mguu wa pili, ambao haukuguswa, nao ukastahimili maumivu zaidi. Fundo la mguu wa kushoto haliwezi kuvunjwa kwa kuusukuma mguu wa kulia. Inaonekana kazi kubwa ni ya mishipa ya fahamu na ubongo, ambao hulegeza ule ukali wa kilio. Hata hivyo ni nafuu, na mwenye kuumwa haulizi nafuu imepita mlango gani. Bibi zetu waliotuchua kwa mafuta ya nazi hawakuwa wakicheza.

Namna ya kulitumia ni hii. Keti au lala sakafuni, weka gogo chini ya kigimbi au chini ya paja, jiinue kwa mikono, na jisukume taratibu kutoka karibu na goti kwenda juu na kurudi, kwa muda wa nusu dakika mpaka dakika moja kwa kila upande, kisha pumzika na rudia. Kishindo kiwe cha kukunja uso kidogo. Kikikufanya uzuie pumzi, umezidisha. Usilipitishe juu ya goti lenyewe, wala nyuma ya goti, wala juu ya mfupa, wala juu ya kidonda, wala kwenye kiuno kinachouma. Kwa mikono, mti wa kusukumia chapati watosha kabisa, na mtu mwingine akusukumie.

Lakini kuna maumivu yasiyokuwa ya gogo. Mguu mmoja tu ukivimba, ukawa wa moto na kuuma, huenda damu imeganda ndani yake. Kuusukuma ni khatari. Na mtu aliyefanya kazi asiyoizoea, misuli ikauma kupita kiasi na mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya rangi, huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani misuli iliyoharibika sana huweza kuziumiza figo. Tena, tabia hii ya kumeza vidonge vya maumivu kila jioni ya msimu, vikinunuliwa dukani bila kuulizwa lolote, hatuipendi hata kidogo. Navyo pia huumiza figo na tumbo, khasa kwa mtu aliyeshinda juani bila kunywa maji. Na mwenye kujisugua kwa mafuta yetu wenyewe ya karafuu au ya makonyo na ayachanganye matone machache katika mafuta ya nazi. Yakiwa matupu huunguza ngozi.

Sasa turudi kwenye mikarafuu, maana hapa ndipo tunapopataka. Mchumaji hupanda, huvuta tawi kwa ngoe, hulizuia lisirudi, na hushuka akijiachia kwa mikono huku uzito ukiivuta. Kushuka mkarafuu ni mtelemko wa Upare kwa mikono na mabega. Ndiyo sababu kijana mgeni, anayetaka kujaza pishi nyingi siku ya kwanza, huwa hafai siku ya tatu. Na ubaya wake si maumivu peke yake. Misuli iliyoumia hupungua nguvu tangu siku ile ile, na nguvu huchukua siku kadhaa kurejea. Gogo likipunguza kilio asubuhi, haimaanishi kwamba mkono umepata nguvu zake zote za kushika tawi. Tusimpandishe mtu juu ya mti mrefu eti kwa kuwa amesema hasikii maumivu tena. Mpeni siku mbili za kuchambua chini au kuanika.

Tulipomuuliza yule mwalimu kwa nini mama aliyetupita njiani na mzigo wa tangawizi kichwani hakushuka ngazi kinyumenyume, alijibu kwamba mama huyo huishuka njia ile kila wiki tangu utoto. Na kweli, hili ndilo jambo lililothibitika kuliko yote tuliyoyataja. Misuli ikishapata mtelemko mmoja, hata mfupi, hujikinga, na mtelemko wa pili ndani ya wiki chache zijazo huidhuru kidogo tu. Hakuna gogo lililowahi kufanya hivyo. Kwa hiyo tunawaomba wenye mashamba, wiki mbili au tatu kabla ya msimu, wawapandishe wachumaji wapya kwenye miti mifupi kwa saa moja tu, wapumzike siku mbili tatu, kisha warudie kwa muda mrefu zaidi. Hasara yake ni vibarua vya siku mbili.

Anayetaka gogo asitoe fedha nyingi. Lile la Kanada la mwaka 2013 lilikuwa bomba la plastiki la inchi 4, lililovikwa sponji ya unene wa sentimita 1. Tumekata kipande cha bomba kama hilo, cha urefu wa mkono mmoja, tukakizungushia sponji ya godoro kuukuu na kukifunga kwa kanga. Kiko ofisini nyuma ya mizani. Anayetaka kukipima aje siku yoyote asubuhi, isipokuwa Ijumaa, na aje na mkeka wake.